Kilomita Tano za Apollinaire

Mvua ilikuwa imekoma tangu alfajiri, lakini maji yalikuwa bado yamesimama ndani ya sanduku la mizigo la pikapu. Inspekta Colombe Nabintu aliyatazama kutoka mlangoni pa ofisi yake, kikombe cha chai mkononi. Pikapu ile nyeupe, mali ya kituo cha uzazi cha masista, ilikuwa katika ua wa polisi tangu juzi kama kielelezo. Ua ulikuwa wa saruji, tambarare kama meza. Kwa nini basi maji yote yalikuwa yamekimbilia pembe moja, ya kushoto?

Colombe alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliipitisha katika kazi ya upelelezi. Alijua kwamba mtu anaweza kudanganya, na karatasi pia, lakini maji hufuata mteremko tu. Akaweka kikombe chini, akalizunguka gari polepole. Akachukua fimbo ya fagio, akaisimamisha kando ya kila gurudumu na kutia alama kwa kucha. Magurudumu matatu yalilingana. La nne, la nyuma upande wa kulia, lilikuwa refu kuyapita.

Akainama, akafuta matope kwenye mbavu za tairi kwa kiganja. Kwenye yale matatu iliandikwa 215/70R16. Kwenye lile refu, 265/70R16. Akayaandika yote katika daftari lake, kisha akabaki amechuchumaa pale.

Kesi yenyewe ilionekana rahisi. Siku ya Jumatatu asubuhi, dereva wa kituo, Apollinaire, alitumwa kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua kwenye zahanati moja milimani, juu ya Katana. Alichelewa zaidi ya saa nzima. Mama alipona, mtoto hakupona. Mume wa yule mama, kijana anayeitwa Cédric, alisema mbele ya watu kwamba dereva alikuwa ameliacha jambo la mkewe akaenda kubeba mifuko ya madini ya watu. Colombe akafungua kitabu cha safari cha gari. Miaka yote, kutoka Bukavu mpaka zahanati ile, dereva alikuwa akiandika kilomita hamsini na sita. Jumatatu ile aliandika sitini na moja. Tano zaidi. Na njiani kulikuwa na barabara ya udongo inayoshuka mpaka ziwani, mahali mitumbwi inapopakia mizigo ya siri. Urefu wake kilomita mbili na nusu. Kwenda na kurudi, tano.

Colombe alikuwa ameifanya hesabu hiyo mara moja tu, na ilimpendeza.

Apollinaire alijitetea kwa maneno machache: tairi lilipasuka njiani, akalibadilisha peke yake. Alipoambiwa alionyeshe lile lililopasuka, akanyamaza. Alipoulizwa nani alichagua tairi zile, alisema ni yeye. Basi Jumanne Colombe alikwenda kumkamata nyumbani kwake Nyamugo, kando ya bomba la maji, saa ambayo watu wamepanga foleni na madumu yao. Alikuwa ametoka kumwona yule mama aliyefiwa, na hasira ilikuwa bado mdomoni. Alisema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba huyu ni mwizi aliyeuza uhai wa mtoto kwa mfuko wa mawe. Mke wa Apollinaire, Francine, alikuwa pale na dumu lake.

Leo ilikuwa Alhamisi. Saa tano, saa arobaini na nane za sheria zingetimia, na Apollinaire angepelekwa parquet, kwa mwendesha mashtaka, kisha gereza kuu. Anayeingia humo huchukua muda mrefu kutoka, hata akiwa safi.

Chris, askari wa zamu, alikuja akifuta mdomo. Akasema mke wa mfungwa alikuwa amefika mapema kuleta chakula, bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, na askari wote walipata.

“Hata ile chai yako, chef, imetoka kwa thermos yake. Alisema baridi iko mingi, kila mutu apate.”

Colombe akakitazama kikombe pale chini. Alikuwa ameshakunywa nusu. Akakiinua, akakipeleka ndani na kukiweka juu ya meza taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

Kisha akamwita Apollinaire. Alikuwa mtu mrefu, wa miaka kama arobaini, na tangu juzi alikuwa amejifunza kutazama vidole vyake. Colombe akamwuliza kama lile gurudumu la kulia, la nyuma, ni la akiba. Akajibu ndiyo, lilikuwa chini ya gari tangu zamani. Basi tairi lilipasuka kweli, Colombe akasema. Ndiyo, Maman. Na lile lililopasuka liko wapi?

Apollinaire akavitazama vidole.

“Maman Inspecteur, uniache niende parquet,” akasema. “Mutoto wa watu amekufa. Mutu lazima aikale ndani ju ya ile.”

Colombe alikuwa amewasikia wengi wakificha vitu. Huyu, kwa mara ya kwanza alitambua, hakuwa akificha kitu. Alikuwa akimficha mtu.

Akatazama saa ya ukutani. Saa moja na nusu.

*

Duka la Yassine lilikuwa Kadutu, na halikuwa na mlango kwa sababu tairi zenyewe ndizo zilikuwa mlango. Yassine alikuwa wa familia ya wafanyabiashara wa Uvira, mtu mnene wa kofia nyeupe, mcheshi. Alipomwona Inspekta akishuka kwenye pikipiki na tope kwenye sketi, akamtolea kiti, akakipangusa, kisha akamwuliza kama polisi sasa wamepewa magari au bado wanawakamata watu kwa miguu.

Colombe akamwonyesha namba mbili katika daftari. Akamwomba amweleze kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana hakujua.

Yassine akaacha mzaha. Akachukua chaki, akachora duara mbili ukutani. Namba ya kwanza, akasema, ni upana wa tairi, kwa milimita. Ya mwisho, kumi na sita, ni jante, kile chuma cha katikati, kwa inchi. Na ile ya kati, sabini, ndiyo inayowadanganya watu. Si kipimo cha kitu, ni sehemu. Maana yake, ukichukua upana ukagawa kwa mia, kimo cha ubavu wa tairi ni sabini za hizo. Sabini za mia mbili sitini na tano ni mia moja themanini na tano na ushei. Sabini za mia mbili kumi na tano ni mia moja hamsini tu.

“Sabini na sabini, mutu anaona ni ndugu,” akasema. “Lakini sabini ya tajiri na sabini ya maskini haziko sawa. Hapa unapoteza sentimita tatu na nusu juu, tatu na nusu chini. Saba.”

Colombe akauliza kama tofauti hiyo ni jambo kubwa. Yassine akasema kuna kubwa kuliko hiyo. Akamwonyesha, kwenye tairi lililokuwa karibu, namba nyingine ndogo inayofuata, ambayo watu hawaisomi kabisa. Hiyo ndiyo inayosema tairi linabeba nini. Tairi kubwa la pikapu linavumilia zaidi ya kilo elfu moja. Hili dogo, la gari la kutembelea mjini, kilo mia nane. Akauliza pikapu ile ilikuwa ikibeba nini. Colombe alikumbuka kitabu cha safari: wiki mbili mfululizo za saruji ya wodi mpya.

“Njo ile,” akasema Yassine. “Pneu, hii tairi, inachoka kwa ndani. Siku ya saruji inanyamaza. Inakuja kupasuka siku gari iko tupu, mutu anazani ni bahati mbaya.”

Colombe akauliza mtu angejuaje tairi la kununua.

“Fungua mulango ya chauffeur. Pale kwa chuma, iko kakaratasi. Namba zote ziko pale. Gari inajisemea yenyewe, Maman.”

Siku mbili gari lile lilikuwa chini ya dirisha lake. Mlango wa dereva alikuwa ameufungua mara moja, kuchukua kitabu cha safari, akaufunga. Colombe akaandika neno “mlango” katika daftari na kulipigia mstari, mwandiko ukawa mbaya.

Ndipo akauliza swali lililomtoa ofisini. Tairi likiwa dogo, kilomita zinakuwaje?

Yassine akatabasamu. “Mama akienda soko na mutoto wake, nani anapiga hatua mingi?”

“Mutoto.”

“Na wote wamefika soko moja. Sasa ile compteur ya gari, ile ya kilomita, haioni barabara, Maman. Inahesabu hatua tu.”

Colombe alikaa vizuri kwenye kiti. Akatoa kitabu cha safari ndani ya mkoba, akaomba chaki. Yassine akamsogezea ukuta, kama anavyosema mwenyewe, yaani akatoa tairi mbili zilizokuwa mbele yake. Duara kubwa kwa duara ndogo: kila kilomita kumi za kweli, gari lile lingeandika kumi na moja. Hamsini na sita za Katana zingekuwa sitini na moja na nusu.

Hiyo ilikuwa safari moja. Colombe hakutaka tena kupendezwa na hesabu ya safari moja. Akafungua kurasa za nyuma. Walungu: mwaka mzima arobaini na nne, wiki tatu hizi, arobaini na nane. Kavumu, uwanja wa ndege: mwaka mzima thelathini, wiki tatu hizi, thelathini na tatu. Na safari ya mwisho ya Kavumu, sista mkuu mwenyewe alikuwa ndani, jina lake lilikuwa limeandikwa. Hakuna mtu anayemchukua sista mkuu kwenda kupakia madini. Barabara zote za Kivu ya Kusini zilikuwa zimerefuka sehemu moja ya kumi, kwa siku moja. Au gari lilikuwa limevishwa viatu vya mtoto.

Zote hizi zilikuwa katika kitabu alichokuwa nacho tangu Jumanne. Alikuwa amelinganisha safari za Katana tu.

Kabla hajaondoka, akauliza kama Yassine alikumbuka aliyenunua tairi nne za namba hiyo. Yule bwana alivua kofia, akaigeuza mikononi. Alikumbuka. Alikuwa muzee wa kituo cha masista, peke yake, mtu wa heshima. Alisema kama watu wote wa Bukavu wanavyosema: leta soixante-dix seize, sabini kumi na sita. Namba mbili za mwisho. Ya kwanza haitajwi na mtu, maana zamani pikapu zote zilikuwa na ile moja. Yassine alikuwa na aina zote mbili pale. Alidhani ni za ile jeep ndogo ya masista.

“Sikuuliza ni ya gari gani,” akasema. “Swali moja tu, Maman. Sikuuliza.”

Akakataa Colombe apande pikipiki ya kulipia. Akampeleka mwenyewe mpaka kituo cha masista, bila mzaha hata mmoja njiani.

*

Ghala la kituo cha uzazi lilitunzwa na Papa Télesphore kwa miaka thelathini na mmoja. Ndani yake hata sindano ilikuwa na mahali pake. Colombe alipoingia alimkuta akipanga magaloni ya dawa ya kufulia, na aliona jambo ambalo Jumanne, katika haraka yake, hakuliona: mzee hakuwa akitazama. Mikono ilitangulia, macho yalifuata kwa adabu tu.

Akamsalimu, akampa kitabu cha safari, akamwomba amsomee ukurasa. Télesphore akakipokea kwa mikono miwili. Akasema miwani yake imebaki nyumbani.

“Hapana shida, Papa. Ikala kwanza,” akasema Colombe, naye akaketi juu ya gunia, chini kuliko yeye.

Hakumtisha. Alimwambia tu yale aliyojua: namba mbili, hatua za mama na za mtoto, sitini na moja. Akamwambia pia kwamba Apollinaire anapelekwa saa tano, na sasa ni saa tatu na dakika ishirini. Aliongea polepole, na kila alipofika mahali palipouma, alitazama pembeni ili mzee asionekane.

Télesphore alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole kuelekea magunia ya unga wa uji wa watoto.

Tairi lilikuwa nyuma ya magunia hayo, limefunikwa kwa turubai lililokunjwa vizuri. Ubavu ulikuwa umepasuka kutoka ndani, urefu wa mkono. Colombe akapapasa mbavu: 215.

Mzee akaeleza kwa sauti ndogo. Macho yalikuwa yamefungika kidogo kidogo, mwaka wa tatu huu. Namba kubwa aliziweza kwa dole gumba. Pale dukani alipapasa sabini, akapapasa kumi na sita, akaridhika. Kupapasa namba zote, mbele ya wateja, aliona haya. Kumwomba Apollinaire amsomee, aliona haya zaidi. Angesema neno kwa masista, wangemshukuru kwa kazi yake na kumrudisha nyumbani. Jumatatu Apollinaire alimletea tairi lililopasuka, akalitazama, akamtazama yeye, akasema: Papa, tuweke hii kando kwanza. Hakusema lingine.

“Anajuaka macho yangu,” Télesphore akasema. “Njo maana alijibu ni yeye alichagua. Mimi nikasema moyoni, watamuachilia jioni. Jioni ikapita. Nikasema kesho.”

Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

“Na ule mutoto wa Katana, Maman. Ni mimi?”

Colombe alikuwa na majibu mawili mdomoni. La kumwambia hapana lingekuwa uongo, na la kumwambia ndiyo lisingekuwa kweli yote. Nyuma ya mzee kulikuwa na muuzaji asiyeuliza, na masista waliopakia saruji bila kutazama, na mpelelezi aliyemfunga mtu mmoja aliyesema kweli. Akafungua daftari la maelezo, akaandika alichoambiwa, akakisoma chote kwa sauti mara mbili, neno kwa neno, maana mwenye maneno hakuweza kuyasoma. Kisha akakichukua kidole cha mzee, akakiweka mahali pa sahihi.

“Kesho utakuja mwenyewe, Papa. Bila askari. Na kwa Cédric, tutaenda Katana wawili.”

Télesphore akaitikia. Alipofika mlangoni, Colombe akamsikia akimwita tena. Alitaka kujua kama Apollinaire amekula. Colombe akasema amekula. Hakuongeza kwamba na yeye mwenyewe alikunywa.

*

Saa nne na nusu, karatasi ya kumwachilia ilikuwa tayari. Colombe akaiandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa zilizo wazi: hakuna kosa lililoonekana. Akapiga muhuri. Chris akafungua mahabusu, kisha akashauri, kwa nia njema, kwamba mtu apitishwe mlango wa nyuma, apande pikipiki, afike kwake bila kelele. Kelele zilishatosha, alisema.

Apollinaire akaipokea karatasi. Kwanza akauliza kuhusu muzee, na Colombe alipomwambia kwamba yuko ghalani kwake, hajakamatwa, mabega yake yakashuka. Ndipo akaisoma. Akashukuru. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, akaigusa kwa juu.

“Maman, hii karatasi iko muzuri,” akasema. “Lakini watu ya kwa bomba, hawatasoma mufuko yangu.”

Hakusema kwa ubaya. Hata alitabasamu kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua.

Colombe akatazama mlango wa nyuma. Pikipiki ilikuwa imeshawashwa. Akamwambia Chris aizime.

Walitoka kwa mlango wa mbele, wakaenda kwa miguu. Colombe alitangulia, na watu njiani, waliozoea kumwona mfungwa akitangulia, waligeuka. Mtaani Nyamugo foleni ilikuwa ndefu kuliko Jumanne, maana maji yalikuwa yamekatika siku nzima ya jana. Madumu ya njano yalifika mpaka kona. Francine alikuwa katikati ya foleni. Alipomwona mumewe hakukimbia. Alishika dumu lake kwa mikono miwili, kama kwamba ndilo lingeanguka.

Colombe akasimama kando ya bomba, palepale aliposimama Jumanne. Akavua kofia ya kazi. Akaanza kusema kwamba yeye ni Inspekta Nabintu, na kwamba maneno aliyoyasema hapa juu ya mtu huyu hayakuwa ya kweli. Hakuuza uhai wa mtu. Hakubeba madini. Tairi lilipasuka, alisema hivyo tangu mwanzo, na yeye Inspekta hakumsikiliza. Maji yalikuwa yakigonga ndani ya dumu tupu, na sauti yake, ambayo juzi ilipanda mpaka juu, ilikuwa ikiishia karibu na viatu vyake.

Bibi mmoja, mfupi, wa mwisho kwenye foleni, akainua mkono kama mwanafunzi.

“Maman Inspecteur, juzi tulikusikia mupaka kule juu kwa kanisa. Leo hatusikie kitu.”

Watu wakacheka, si wote. Apollinaire akatazama chini, kwa ajili ya Colombe.

Francine akaweka dumu lake. Akapita katikati ya watu, akamkaribia Colombe mpaka wakawa bega kwa bega, akanyoosha mkono, akafunga bomba.

Maji yakanyamaza. Foleni nzima ikanyamaza nayo.

Colombe akavuta pumzi, akaanza tena, tangu jina lake.